Madoa sugu kwenye mbao na vyuma vya nje vya mashua ya matanga

Watu wengi wakiona doa jeusi kwenye mbao ya ukingo hukimbilia kuuliza ni dawa gani kali zaidi dukani. Hapo ndipo mbao nzuri huanza kuharibika. Koga, kutu, mafuta na tanini (kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao) vyote huonekana vyeusi au vya kahawia ukiwa umesimama mbali kidogo, ila dawa inayotoa kimoja huweza kukikoleza kingine. Tena madoa mengine ni dalili ya maji yanayopenya mahali, na ukiyafuta bila kutafuta chanzo umeficha ubovu tu. Kwa hiyo kazi huanza kwa kulijua doa, kisha kutumia dawa dhaifu kuliko zote itakayofanya kazi.

Mengi hapa yanahusu mtiki (msaji), kwa kuwa ndio mbao ya nje ya mashua nyingi: mbao ya juu ya ukingo, fito za kushikia juu ya kibanda, viti vya sehemu ya nahodha. Baada ya hapo nitagusa stenlesi, aluminiamu na mikanda ya plastiki laini ya ubavuni.

Kulitambua doa

Koga huja kwa vidoti vidogo vyeusi vilivyotawanyika, hasa pasipopata jua au chini ya kamba iliyoachwa juu ya mbao. Doa la chuma ni jeusi lenye ubuluu, na huwa na umbo: duara kuizunguka skrubu, au mkia unaoanzia chini ya kipande cha chuma. Mafuta huifanya mbao ionekane kama imelowa hata baada ya siku nzima ya jua, na kingo zake hazieleweki. Kutu tupu huwa ya rangi ya machungwa na huteremka kwa mistari.

Usipokuwa na hakika, tia tone moja la dawa ya klorini ya kufulia juu ya doa, mahali pasipoonekana. Likififia ndani ya dakika moja au mbili, hiyo ni koga. Lisipobadilika, suuza kwa maji mengi, acha pakauke kabisa, kisha siku nyingine jaribu tone la asidi oksaliki iliyoyeyushwa. Likififia, ni chuma. Narudia: suuza kabisa kati ya majaribio haya mawili, kwa sababu klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu. Klorini na amonia nazo zisikutane. Ni tone la kupimia tu. Kusafishia mbao nzima kwa klorini ni habari nyingine, nitaifikia.

Kuosha kwanza

Chumvi na vumbi vikiwa bado juu, hakuna dawa itakayofika kwenye doa. Lowesha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha osha kwa sabuni ya maji ya vyombo isiyo na klorini, kijiko kimoja cha mezani kwa lita tano. Tumia brashi laini au sponji ya kusugulia ya plastiki, na usugue kwa kukatisha nyuzi za mbao, kamwe usifuate nyuzi. Mbao ya mtiki ina pete ngumu na pete laini zinazopishana. Brashi ikifuata nyuzi huchimba zile laini na kuacha matuta, na kila mfereji mpya ni kitanda kipya cha koga. Mashine ya maji ya kasi hufanya uharibifu huohuo kwa dakika chache tu, na inang'oa hata kalafati (kile kinachojazwa kuziba nafasi) kwenye maungio.

Acha ikauke kabisa kabla ya kuamua lolote. Mbao mbichi huficha madoa, na nusu ya yale yaliyoonekana sugu huwa yameshaondoka na sabuni. Kinyesi cha ndege, damu ya samaki, chai: haya yote yakiwahiwa hayahitaji zaidi ya hapo.

Koga

Dawa ninayoipendelea ni perkaboneti ya sodiamu, ule unga mweupe unaouzwa kama kiondoa madoa cha oksijeni. Ukiyeyushwa hutoa haidrojeni peroksaidi na soda ya kufulia: peroksaidi hushughulikia koga, soda hulegeza uchafu. Kipimo ni gramu 50 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, nyuzi joto 40 hadi 50. Changanya kwenye ndoo ya plastiki iliyo wazi. Usiitie kwenye chupa na kufunga kizibo, kwa sababu oksijeni itaendelea kutoka hadi chupa ipasuke. Isipotumika siku hiyohiyo, imwage. Nguvu yake haikai.

Fanya kazi kwenye kivuli. Mwagia mbao, iache dakika 15 hadi 20, na ikianza kukauka ongeza dawa. Dawa iliyokauka haifanyi kazi. Sugua taratibu kwa kukatisha nyuzi, suuza.

Hapa mbao itageuka kahawia iliyokolea, wakati mwingine mbaya kuliko ulivyoikuta, na wengi hudhani wameiunguza. Dawa hii ni alkali, na tanini ya mtiki hukoza rangi ikikutana na alkali. Hatua inayofuata ni asidi nyepesi: gramu 50 za asidi sitriki kwa lita moja ya maji, pakaza, subiri dakika tano hadi kumi, na rangi ya dhahabu itarudi mbele ya macho yako. Suuza tena kwa maji mengi. Ukiruka hatua ya asidi, mbao itabaki kahawia iliyokolea na alkali iliyobaki itaisumbua vanishi au sila (dawa ya kuziba uso wa mbao) utakayopaka.

Sasa klorini. Inaua koga, hilo halina ubishi, na doa hutoweka haraka. Lakini huila lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, ndiyo maana mbao inayooshwa kwa klorini mara kwa mara hugeuka kuwa na manyoya juu. Mchirizi wake hudhoofisha nyuzi za kushonea turubai na matandiko, na ikikaukia juu ya stenlesi huanzisha vishimo vidogo vya kutu. Kwa doa la sentimita mbili kwenye plastiki, sawa. Kwa ukingo mzima wa mtiki, hapana.

Doa jeusi la chuma

Hili ndilo linalowashinda watu, kwa sababu si uchafu uliokaa juu ya mbao. Tanini iliyomo ndani ya mtiki imekutana na chembe za chuma pamoja na maji, na vikatengeneza rangi nyeusi ndani ya nyuzi zenyewe. Sabuni haiigusi. Perkaboneti haiigusi, hata huikoleza. Msasa huiondoa tu kama haikuzama, na mara nyingi imezama.

Kinachofaa ni asidi oksaliki. Huishika ile chembe ya chuma na kuifanya iyeyuke kwenye maji, ikaoshwa. Pima gramu 60 hadi 80 kwa lita moja ya maji ya moto kiasi, kwenye ndoo ya plastiki. Unga uingie kwenye maji, siyo maji yamwagwe juu ya unga. Asidi hii ni sumu ikimezwa na huumiza figo. Vumbi lake huwasha pua na koo. Glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, na barakoa wakati wa kupima unga. Haya si mapambo.

Kabla ya kupaka, lowesha ubavu wa mashua ulio chini ya mbao na mtu wa pili aendelee kuumwagia maji, ili michirizi isikauke juu yake. Funika aluminiamu na chuma kilichotiwa zinki kwa plastiki na tepu. Kisha paka ubao mzima kutoka ungio hadi ungio, hata kama doa ni la ukubwa wa sarafu. Ukipaka doa peke yake utabaki na duara jeupe linaloonekana kuliko doa lenyewe.

Iache dakika 15 hadi 20 ikiwa mbichi. Madoa mapya huondoka mkono wa kwanza, yaani kwa kupaka mara moja. Ya zamani yanahitaji mkono wa pili au wa tatu, au dawa nzito: changanya maji ya asidi na unga wa gundi ya karatasi za ukutani hadi iwe kama uji, paka unene wa milimita tatu juu ya doa, funika kwa plastiki saa moja. Uzito huo huizuia isikauke wala kuteremka kwenye mbao zilizosimama.

Ukimaliza, suuza, kisha pitisha maji yenye magadi ya kuokea, kijiko kimoja cha mezani kwa lita, kuua asidi iliyobaki, na usuuze tena. Ikikauka ukaona unga mweupe kama chumvi juu ya mbao, asidi bado imo. Usipige msasa; utaivuta puani. Suuza upya.

Doa likirudi mahali palepale baada ya majuma kadhaa, acha kuliosha. Chini yake kuna skrubu inayooza au chuma kinacholowa. Skrubu nyingi za ukingo zimefunikwa na kizibo cha mbao. Kukitoa, toboa tundu jembamba katikati yake, kisha ingiza skrubu ndogo ya mbao. Ncha ikifika kwenye kichwa cha skrubu ya chini, kizibo kitajisukuma chenyewe juu bila kuumiza kingo za tundu. Badilisha skrubu kwa ya stenlesi ya 316 (daraja linalovumilia bahari zaidi) au ya shaba ya silikoni, itie sila ya baharini, ile ya kuzuia maji yasipenye, kwenye uzi na chini ya kichwa, halafu gundisha kizibo kipya nyuzi zake zikielekea sawa na za ubao. Gundi ikikauka, kata kizibo kwa patasi kwa awamu mbili: kipande cha kwanza juu kidogo, uone ufa unaelekea wapi, ndipo ukate kwa usawa wa mbao.

Na chanzo kingine cha madoa haya ni kijinga kabisa: stili waya ya kusugulia sufuria. Vipande vyake visivyoonekana hubaki kwenye mbao, na mvua ya kwanza ikipita ukingo mzima huota vidoti vyeusi. Brashi ya waya wa chuma ni vilevile, na cheche za grinda ya jirani pia. Kama lazima utumie kitu cha waya, kiwe cha shaba.

Mafuta na grisi

Dizeli, grisi ya winchi, mafuta ya kujikinga jua yaliyodondoka kwenye kiti. Likiwa jipya, kandamiza karatasi ya kufyonza juu yake, usisugue, kisha sabuni ya vyombo isiyotiwa maji, dakika kumi, suuza.

Lililozama huvutwa juu. Changanya unga wa chokaa ya ubao au talki na tapentaini ya madini hadi uwe mzito kama siagi. Paka unene wa nusu sentimita, ukipita kingo za doa kwa sentimita mbili. Funika kwa plastiki saa kadhaa, kisha ondoa plastiki na uache unga ukauke wenyewe. Wakati unakauka ndipo mafuta yanapopanda kuufuata. Kwangua kwa kipande cha plastiki, osha, rudia kama ni lazima. Angalia tu isiguse kalafati nyeusi ya maungio, kwani viyeyusho huilainisha na kuichafua mbao nzima kwa weusi wa aina mpya. Acha moto na sigara mbali.

Doa lililo chini ya vanishi

Hakuna dawa ya kupaka juu itakayolifikia, na hili watu hawapendi kulisikia. Weusi chini ya vanishi maana yake kuna ufa, mara nyingi kwenye ungio au pembeni mwa kizibo, na maji yameingia yakakosa pa kutokea. Vanishi lazima itoke katika eneo lote hadi ungio la karibu.

Tumia bunduki ya joto na kikwangulio chenye makali, ukifuata nyuzi, bila kuikalisha joto mahali pamoja hadi mbao iungue. Kisha msasa namba 80, halafu 120. Sasa asidi oksaliki kama ilivyoelezwa, magadi, suuza, na subira: mbao inaweza kuonekana kavu juu huku ndani ingali mbichi. Ipe siku kadhaa za jua chini ya hema linalopitisha hewa. Futa kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka ili kuondoa mafuta ya mtiki usoni. Mkono wa kwanza wa vanishi upunguzwe kwa tina (kiyeyusho cha vanishi) hadi karibu nusu kwa nusu ili upenye. Wa pili robo. Kuanzia wa tatu bila kupunguza au kidogo sana. Mikono sita ni kiwango cha chini kwa mbao inayokaa juani, na kati ya mkono na mkono piga msasa namba 220 hadi 320. Vanishi zenye kinga ya miale ya jua pekee ndizo zifaazo nje.

Stenlesi

Stenlesi inashika kutu, tena hasa pale inapokosa hewa. Kinachoilinda ni utando mwembamba wa oksaidi ya kromiamu unaojijenga upya kwa oksijeni. Chumvi ikikaa juu yake hutokea rangi ya chai, nayo ni ya usoni tu. Yenye namba 316 ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3 na huvumilia bahari kuliko 304, lakini hata yenyewe huchafuka.

Osha chumvi kwanza. Kisha asidi sitriki, gramu 100 kwa lita ya maji ya uvuguvugu. Lowesha kitambaa, kizungushe kwenye reli au nguzo, kiache kikiwa kibichi dakika 20 hadi 30. Sugua kwa sponji ya plastiki, suuza, kausha kwa kitambaa, na umalizie kwa nta. Asidi hii haiondoi kutu tu, huondoa pia chembe za chuma huru zilizokwama usoni na kuuacha utando ujijenge vizuri.

Tofautisha rangi ya chai na kutu inayolia kutoka kwenye kiungo. Mchirizi wa kahawia unaotoka chini ya kitako cha nguzo ya reli unaonyesha kwamba sila imekufa na maji yamesimama kwenye sitaha palipofungwa. Na mchirizi ukitoka pale bamba la kufungia nyaya za mlingoti linapopenya sitaha, usiufute halafu ukatweka tanga. Kutu ya mianya hula chuma kikiwa kimefichika ndani ya sitaha huku kinachoonekana juu kikimeta. Bamba lile likikatika, mlingoti huanguka. Litoe nje, lisafishe, ulikague kwa kioo cha kukuzia kuzunguka matundu ya bolti. Ukiona ufa au vishimo, badilisha.

Aluminiamu na mkanda wa ubavuni

Reli ya ukingo ya aluminiamu yenye matundu imepakwa tabaka gumu la oksaidi kiwandani. Alkali kali na asidi kali zote hulila, kwa hiyo zile dawa za mtiki za chupa mbili, ambazo ya kwanza mara nyingi ni soda kali, zisidondokee hapo. Sabuni, sponji laini, nta. Unga mweupe kuizunguka skrubu ya stenlesi ni metali mbili zinazolana kupitia maji ya chumvi; kuusafisha ni rahisi, ila toa skrubu na uitie sila au grisi ya kutenganisha kabla hujairudisha.

Mkanda wa plastiki laini wa ubavuni hupata mikwaruzo myeusi ya magati na maboya. Jaribu kwanza krimu ya kusafishia isiyokwaruza, kisha spiriti kwenye kitambaa. Sponji nyeupe ya melamini husaidia, ukikumbuka kwamba ni msasa mwembamba na itafubaza ubavu unaong'aa ikivuka mpaka. Asetoni ipite mara moja tu na haraka, la sivyo itatoa vilainishi vya plastiki na mkanda utaanza kunata na kuvuta uchafu. Madoa ya waridi kwenye plastiki hiyo hutokana na vijidudu vinavyotoa rangi inayoyeyuka ndani ya vilainishi vyenyewe. Hayo kwa kawaida hayatoki. Badilisha mkanda ukiweza, au zoea rangi hiyo.

Michirizi kwenye ubavu, na baada ya kazi

Mistari ya kahawia inayoteremka kutoka kwenye mtiki na vyuma juu ya ubavu wa fibaglasi hutoka kwa asidi oksaliki ileile, gramu 50 kwa lita. Paka kuanzia chini kwenda juu, kwani dawa ikiteremka juu ya ubavu mkavu huchora mistari yake yenyewe. Suuza kuanzia juu. Asidi huondoa na nta, hivyo ubavu uliosafishwa upakwe nta siku hiyohiyo au doa lijalo litaingia kwa urahisi zaidi.

Kazi ya asidi na perkaboneti ifanyike mashua ikiwa nchi kavu, mbali na maji, na masuuzo yasielekezwe baharini; peroksaidi ni sumu kwa viumbe wa majini.

Mtiki uliosafishwa una njia tatu: kuachwa ugeuke kijivu, kupakwa sila, au kupakwa mafuta. Mafuta ya mtiki nayaweka mwisho. Mengi yana mafuta ya kitani, ambayo kwenye joto na unyevu hulisha koga na kugeuka meusi, kisha unarudi kwenye perkaboneti mapema kuliko ulivyotarajia. Mbao ya kijivu ndiyo yenye kazi ndogo: maji ya bahari na sponji mara moja kwa wiki, kwa kukatisha nyuzi, bila sabuni. Chumvi inayobaki huichelewesha koga. Ukichagua sila, paka mbao ikiwa kavu hadi ndani, mikono myembamba, na ufute kwa kitambaa ile isiyonywewa ndani ya dakika 10 hadi 15, kabla haijaanza kunata.